Ukurasa wa Mzazi: Mtoto aliyeandika "i"

Mwezi huu tutaongea juu ya mtoto mmoja tu.

Mama mmoja alitufikia amemshika mkono kijana wake wa miaka 6. Akasema: "Huyu hana kichwa. Miezi mitatu darasani, hata a, e, i, o, u zimemshinda. Mwalimu akimwambia aandike e, yeye anaandika i. Akimwambia aandike i, anabaki kutazama tu. Wenzake wanamcheka. Nimemchapa mpaka nimechoka." Mtoto alikuwa pale pale, anasikia yote, anaangalia vidole vya miguu yake.

Tulimwomba mama apumzike kidogo. Tukakaa chini na mtoto, yeye peke yake, kando ya shitingi, tukasawazisha udongo kwa mkono. Hatukumwuliza jina la herufi yoyote. Tulimwuliza: "Ile mboga ya majani ya muhogo, mnaiitaje kwenu?" Akajibu: "Sombe." "Mwisho wa sombe unasikia nini?" "Eee." "Haya, iandike." Akaandika e nzuri kabisa. Tukamwuliza mwanzo wa "imba". Akaandika i, na nukta yake juu. Hakukosea hata moja. Kumbe kule ng'ambo, kabla ya kukimbia, alikuwa amesoma mwaka mmoja shule ya watoto wadogo, na herufi alizishika.

Basi shida ilikuwa wapi? Wazazi, sikilizeni vizuri, maana wengi tunaumia hapa bila kujua. Kwa Kiingereza, herufi e inaitwa "i". Herufi i inaitwa "ai". Na a inaitwa "ei". Mwalimu alisema jina la Kiingereza la e, mtoto akasikia "i", akaandika i. Aliandika kile alichosikia! Na aliposikia "ai", alinyamaza kwa sababu kwao herufi ya namna hiyo haipo. Mtoto aliyeitwa mjinga alikuwa na masikio mazima. Fimbo ilipiga mtu asiye na kosa.

Hatumlaumu mwalimu. Yeye ana watoto wengi mbele yake, hawezi kukaa na kila mmoja akiuliza "unasikia nini?" Na hatumlaumu mama, naye hakupata nafasi ya kusoma. Lakini tuelewe mzigo wa watoto wetu. Waliovuka Rusizi ya kwanza, waliovuka Rusizi ya pili, na waliopitia Bugarama, wengi wamefika na Kiswahili. Wengine nyumbani wanaongea Kifulero, Kishi, Kinyamulenge au Kirundi. Shule za kule ziliwaonjesha Kifaransa. Huku kuna Kinyarwanda, na mwezi wa 12 mwaka 2019 serikali ya Rwanda ilitangaza kwamba shule ya msingi isomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, Kinyarwanda kikibaki kama somo. Mtoto wa miaka 6 anabeba lugha tatu au nne kichwani, halafu tunamwambia hana kichwa.

Dawa yake siyo kubwa. Ni mtu mmoja kukaa na mtoto mmoja. Mwaka 1984 mwalimu mmoja wa chuo kikuu huko Marekani, Benjamin Bloom, aliandika kwamba wanafunzi waliofundishwa mmoja mmoja waliwapita mbali wenzao waliofundishwa darasa zima pamoja. Waliopima baada yake hawakupata tofauti kubwa kama yake, lakini faida waliiona. Sababu yake hata bibi zetu waliijua: ukikaa na mtoto peke yake, unaona palepale alipojikwaa.

Sasa tunafanyaje? Robo saa kila siku inatosha. Tunafanya hivi:

1. Sikio kabla ya kalamu. Mkienda kuchota maji, chezeni: "Nitajie maneno yanayoanza na ma." Maji, mama, maharagi. Mchezo huu hauhitaji kujua kusoma, hata mzazi ambaye hajawahi kushika kalamu anauweza.

2. Tumia vipande, siyo herufi moja moja. Kiswahili chetu kinakatika vizuri. Okota vifuniko 6 vya soda, ubandike juu yake karatasi zilizoandikwa: ma, ji, me, za, so, ko. Mtoto akivipanga atapata maji, meza, soma, soko na jiko. Maneno matano kutoka vifuniko sita! Usimpe jibu haraka. Mwache ahangaike kidogo, mwenyewe atafurahi akilipata.

3. Mwonyeshe kwamba alichojua hakijapotea. Sauti za a, e, i, o, u za Kiswahili ndizo za Kinyarwanda pia. Sombe inakuwa isombe, meza inakuwa ameza. Zipo tofauti chache: c ya Kinyarwanda inasomwa kama ch yetu, ndiyo maana "icumi", yaani kumi, inasikika "ichumi". Mtoto akiona hivyo anapata nguvu.

4. Mweleze kwamba herufi ina majina mawili. Sisi tulimwambia yule kijana: "Mama yako nyumbani anaitwa Mama wa fulani, lakini kwenye karatasi ya kambi ana jina lingine. Ni watu wawili?" Akacheka, akasema hapana. "Na e ni hivyo hivyo. Nyumbani ni e, kwa Kiingereza ni 'i'." Alielewa palepale.

5. Acheni kabla hajachoka. Mtoto akianza kupiga miayo, funga. Usimcheke, usimlinganishe na wa jirani, na fimbo iweke mbali. Mtoto anayeogopa hasikii sauti, anasikia fimbo tu.

Neno lingine kwa upole. Wako watoto ambao tangu safari wameacha kuongea, au wanashtuka ovyo. Huyo usimlazimishe herufi. Kaa naye, mchambue maharagi pamoja, mhesabu moja, mbili, tatu. Kusoma kutakuja. Na mtoto ambaye hageuki ukimwita nyuma yake, au anasogeza karatasi mpaka puani, mpelekeni kwenye kituo cha afya aangaliwe masikio na macho kabla ya kumwita mvivu.

Wengine watatuuliza: "Kwa nini tuhangaike, na hapa hatujui tutabaki mpaka lini?" Ni kweli. Mwaka 2015 ndugu Warundi walioingilia Bugarama walipelekwa Mahama, kule Kirehe. Watoto wa waliokimbia Bukavu mwezi wa 6 mwaka 2004, wakapokelewa hapa Cyangugu, leo ni watu wazima, wametawanyika. Magodoro yanabaki, bidoni zinapotea njiani. Lakini mtoto anayejua kusoma "soko" atalisoma popote lori litakapomshusha.

Na yule kijana? Tumekaa naye wiki sita, robo saa kila jioni. Bado majina ya Kiingereza anayachanganya mara moja moja, hatutawadanganya. Lakini anasoma maneno mafupi, na darasani sasa ananyoosha mkono. Mama yake alikuwa anakaa nyuma yetu akichambua sombe, tukadhani hafuatilii. Juzi mtoto aliandika jina la mama yake kwenye udongo, akasahau e ya katikati. Mama akaweka sombe chini, akainama, akaichora mwenyewe kwa kidole. Huyu mama mpaka sasa anaweka dole gumba kwenye karatasi akipokea vitu. Alituuliza: "Na mimi mnaweza kunipa robo saa?" Tumemwambia karibu sana, mama.

Kazi ya mwezi huu: kila nyumba itafute vifuniko 6. Wasio na kalamu waje kwetu, tutawaandikia.

Tukutane mwezi ujao. Mungu awalinde.