Kumbukumbu ziende winguni, kaunta isisubiri mtandao

Mwenye duka la jumla kati ya Moa na Horohoro anayetegemea kompyuta kuukuu ameuweka mtaji wake rehani. Hewa ya chumvi hula vyuma, umeme hukatika, na siku diski ikifa, orodha ya mali na madeni ya wateja hufa nayo.

Kuhamishia kumbukumbu hizo katika wingu, yaani kompyuta za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, ni hatua ya busara. Lakini Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti nchini ikayumba. Duka lisiloweza kuuza bila mtandao hupoteza wateja siku kama hiyo.

Kwa maoni yetu, anayehama aanze na stoku na madeni. Mauzo ya kaunta yaendelee hata mtandao ukikatika, yapelekwe winguni ukirudi. Daftari la zamani liandikwe sambamba kwa mwezi mmoja, hesabu zilinganishwe. Akumbuke pia kwamba huduma nyingi za namna hii hutozwa kwa dola: shilingi ikishuka, gharama hupanda hata kama mauzo hayakupanda. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaweka masharti ya kupeleka taarifa za wateja nje ya nchi.

Mwekezaji mdogo anayeombwa kuingia ubia aulize swali moja: kompyuta ikizima leo, kesho mwenye duka ataweza kusema anamdai nani, na kiasi gani? Akibabaika, fedha zibaki mfukoni.