Mcheza Kwao Hutuzwa, Ila Kwao Kumehama

Nina ugomvi na watabiri. Siwasemi wale wa nyota, ambao angalau hawajifanyi wanasayansi. Nawasema watabiri wa Pokémon. Kila inapotangazwa kwamba kiumbe fulani wa zamani anarudi kwenye gemu jipya, wao huwa wameshamwandikia taji au cheti cha kifo kabla hajarusha pigo hata moja. "Huyu atavunja gemu." "Huyu zama zake zimepita." Hukumu ni hizo mbili, ya tatu haipo, na zote hutolewa kwa sauti ya hakimu aliyekwisha kusikiliza mashahidi.

Kwa usiyecheza, nikuweke sawa. Pokémon ilianza Japani mwaka 1996 ikiwa na viumbe 151. Leo wamepita 1,000. Kwa miaka mingi mchezaji aliweza kuwahamisha viumbe wake kutoka gemu moja hadi jingine, kama mtu anayehama na mifugo yake. Mwaka 2019, Sword na Shield zilipotoka, mlango ukafungwa: baadhi waliingia, wengine waliachwa nje. Tangu hapo kila gemu lina orodha yake ya waalikwa. Scarlet na Violet zilitoka Novemba 2022 na viumbe 400. Wengine wakaingia kwa mafungu mwaka 2023, likiwemo fungu la Septemba na la Desemba. Ndiyo maana kurudi kumekuwa tukio, na tukio halikosi wapiga ramli.

Nguvu ya kiumbe hupimwa katika mapambano. Kila mmoja ana namba sita za msingi, kama uhai, mashambulizi, ulinzi na kasi. Ana aina yake, ana uwezo wa asili, anashika kifaa kimoja, na anaingia uwanjani na mapigo manne tu. Mashindano rasmi ni ya wawili kwa wawili. Jumuiya ya Smogon inaendesha ya mmoja kwa mmoja, na hayo huchezwa bure kwenye kivinjari, katika Pokémon Showdown. Huko ndiko ninakocheza mimi. Konsoli na gemu lake ni fedha ambayo mwanafunzi wa uzamili hana. Kivinjari hakiniombi zaidi ya bando.

Sasa niwataje washtakiwa wangu. Kundi la kwanza ni la wapiga hesabu. Hawa hujumlisha zile namba sita, wakapata jumla, wakatoa hukumu. Kwao, kiumbe mwenye jumla ya 600 ni bwana na mwenye 405 ni mchezea watoto. Pachirisu, kindi mdogo wa umeme, ana 405. Mwaka 2014, Se Jun Park wa Korea Kusini alimtumia kwenye mashindano ya dunia, akatwaa ubingwa. Hakumweka pale kwa mapenzi. Pachirisu alikuwa na pigo la Follow Me, linalomlazimisha mpinzani aelekeze mashambulizi yake kwake, na uwezo wa Volt Absorb, unaogeuza umeme kuwa chakula. Akisimama kando ya Gyarados, ambaye umeme ndio kifo chake, kindi yule aliuita umeme uje kwake na kuumeza. Katika zile namba sita, hakuna hata moja inayopima nani amesimama pembeni yako.

Kundi la pili ni la wenye kumbukumbu, na hawa ndio wengi. Hoja yao ni kwamba kiumbe alikuwa mkali enzi zile, basi atakuwa mkali tena. Muulize Talonflame. Mwaka 2013 ndege huyu alikuja na uwezo wa Gale Wings, uliofanya mapigo yake yote ya aina ya ndege yatangulie mapigo ya kawaida ya mpinzani. Alikuwa tishio hata kwa waliomzidi mwili. Mwaka 2016 kanuni ikabadilishwa mstari mmoja: uwezo ule ufanye kazi tu pale uhai wake unapokuwa kamili. Mkwaruzo mmoja, na mfalme anarudi kuwa ndege. Namba zake, manyoya yake na jina lake vilibaki vilevile. Anayemtabiri kwa kumbukumbu za 2013 anamtabiri marehemu.

Au mtazame Toxapex, ukuta ule wa sumu uliowatoa jasho wachezaji tangu 2016. Aliingia Scarlet na Violet akiwa na namba zake zote sita, bila kupunguziwa hata moja. Lakini alinyang'anywa Scald, pigo la maji ya moto lililowaunguza waliothubutu kumkaribia. Kisha Recover, pigo lake la kujiponya, ambalo zamani angeweza kulitumia hadi mara 16 katika pambano moja, likawekewa kikomo cha mara 8. Ukuta ulibaki na matofali yaleyale. Kilichopunguzwa ni saruji ya kuukarabati. Enzi yake haikurudi.

Hapo ndipo utabiri unapoanza kupata maana, kwa sababu mabadiliko yaleyale yaliyomfilisi mmoja humtajirisha mwingine. Gliscor alikosekana kabisa kwenye Sword na Shield. Aliporudi Septemba 2023, mpiga hesabu angeona jumla ya 510, si haba na si ya kutisha. Mwenye kumbukumbu angemkumbuka kama mdudu msumbufu wa zamani. Wote wawili wangepita pembeni ya jambo lenyewe. Gliscor ana uwezo wa Poison Heal: sumu haimuui, inamponya sehemu moja ya nane ya uhai wake kila zamu. Anaingia uwanjani akiwa amejishikia sumu yake mwenyewe mkononi. Uponyaji huo hauna kikomo cha mara 8 wala cha mara 16. Wakati waponyaji wenzake walikuwa wameanza kula kwa mgawo, yeye alirudi na shamba lake.

Tena alirudi na pigo ambalo hakuwa nalo zamani, Spikes, la kutandaza miiba chini upande wa mpinzani ili kila anayeingia kwa miguu aumie. Na uwanja aliourudia ulikuwa na mkazi mpya, Gholdengo. Huyu ni mzimu wa chuma, na aina yake pamoja na uwezo wake huzuia njia mbili maarufu za kufagia miiba hiyo. Kwa hiyo mwiba uliotandazwa 2023 ulidumu kuliko ule wa miaka kumi nyuma. Gliscor akawa mmoja wa nguzo za uwanja wa Smogon. Anayetaka kujua kwa nini asimtazame Gliscor peke yake. Atazame kanuni ya kujiponya, amtazame na Gholdengo.

Desemba 2023 akarudi Incineroar, paka wa moto mwenye mkogo wa mpiga mieleka. Katika mapambano ya wawili kwa wawili amejijengea ufalme usiotegemea kuua. Akiingia tu, Intimidate yake inapunguza nguvu za washambuliaji wa upande wa pili. Fake Out yake inamkatisha mpinzani zamu. Parting Shot yake inamdhoofisha adui na wakati huohuo inampisha mwenzake aingie. Hoja za kumzika zilikuwepo, na hazikuwa za kipuuzi. Gemu jipya lilileta kifaa cha kuzuia Intimidate na kingine cha kuzuia mshtuko wa Fake Out. Lilikuwa pia na Kingambit, ambaye ukimtisha anapandwa na hasira na kupiga kwa nguvu zaidi. Lakini hoja hizo zilisahau gharama. Anayebeba kifaa cha kumzuia Incineroar anaacha kubeba kingine, na kwa hiyo paka yule anakuwa amekulipisha ushuru kabla hajaingia uwanjani. Mwaka 2024 alikuwa miongoni mwa viumbe waliotumika zaidi katika mashindano rasmi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Watabiri wetu wanaishika nusu ya kwanza ya methali, ile ya mchezaji, na kuisahau ile ya kwao. Nguvu haikai mwilini mwa kiumbe kama mafuta ndani ya pipa. Inakaa kati yake na mahali alipo. Anayerudi baada ya miaka anaweza kuwa yuleyule kabisa, lakini kwao kumehama.

Hili silisemi kwa gemu tu. Nasomea uhifadhi wa wanyamapori, na kisa cha kurudi ninachokijua vizuri zaidi ni cha chura mdogo wa Kihansi, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto huo katika milima ya Udzungwa. Mwaka 2000 bwawa la umeme lilichepusha sehemu kubwa ya maji, na manyunyu yakakauka. Vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani kufugwa. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena. Mwaka 2010 kundi la kwanza likarudishwa Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa bondeni kwao. Wataalamu hawakupoteza muda kubishana kama chura yule "bado ni mkali". Walifunga mabomba ya kunyunyiza ili pawe na ukungu tena, na wakapima ugonjwa wa kuvu unaoua vyura. Waliuliza habari za mahali.

Kuna kosa baya zaidi, nalo ni kwamba hukumu ya mapema hujitimiza yenyewe. Smogon hupanga viumbe katika madaraja kwa kuangalia wanavyotumika. Mpaka wa daraja la juu ni asilimia 4.52. Namba hiyo ina maana yake: ukicheza mapambano 15, uwezekano wa kukutana na kiumbe huyo walau mara moja ni nusu kwa nusu. Ni kipimo cha haki, lakini soma vizuri kinachopimwa. Kinapima wangapi wamemchagua. Mtabiri mwenye wafuasi wengi akitangaza kwamba fulani hafai, wafuasi hawamchagui, asilimia inashuka, kisha mtabiri anaionyesha asilimia ileile kama ushahidi. Ameandika mtihani, ameusahihisha, na amejipa A.

Darasani kwetu yupo dada aliyerudi masomoni baada ya miaka minane ya kufundisha sekondari. Wiki ya kwanza watu walishamaliza: hesabu za kisasa hatoziweza, programu za kuchambua data zimempita. Katika kazi ya kikundi akapewa kukusanya nauli na kuchapisha ripoti. Mwisho wa muhula wenzake wakasema hakuwa na mchango. Mchango angeutolea wapi, kwenye stakabadhi za nauli? Mtu aliyesimama miaka minane mbele ya vijana 70 wasiotaka kusikiliza ndiye aliyehitajika siku tulipokwenda kuhoji wanakijiji waliochoshwa na watafiti. Hakuna aliyeuliza anarudi na pigo gani jipya.

Najua jibu litakalokuja: ni mchezo tu, wacha watu wafurahi. Nami nawatakia furaha. Lakini mchezo ndiyo sehemu rahisi kabisa ya kujifunza kutabiri vizuri, maana kanuni zimeandikwa, namba ziko wazi, na matokeo yanakuja ndani ya wiki. Ukiwa mvivu wa kufikiri hapo, kwenye mambo ya watu utakuwaje? Wapo pia watakaosema wachezaji wazoefu hupatia mara nyingi. Kweli, na ukiwasikiliza vizuri utagundua kwamba hawasemi "atavunja gemu". Wanasema "kama fulani ataendelea kuruhusiwa, na kama pigo fulani halitarudishwa, basi huyu atapata nafasi." Neno "kama" ndilo linalotenganisha utabiri na kelele.

Basi nami nitabiri hadharani. Katika Pokémon Champions, mchezo uliotangazwa Februari 2025, viumbe wa Mega waliofungiwa nje tangu 2019 wanarudishwa, na wenye kumbukumbu wameshaanza kumlilia Mega Kangaskhan, mama anayepigana pamoja na mwanawe. Mwaka 2014 pigo la mtoto lilikuwa nusu ya la mama, na uwanja mzima uliwatetemekea. Mwaka 2016 likapunguzwa hadi robo. Utabiri wangu ni huu. Kama robo ile itabaki, na kama Incineroar yupo kumtisha kila anapoingia, Mega Kangaskhan atakuwa chaguo zuri lisilo la lazima, kwa sababu jiwe la Mega linachukua nafasi ya kifaa chake na wagombea wa jiwe hilo ni wengi. Nusu ikirudishwa, futeni sentensi iliyotangulia na mwogopeni.

Utabiri huo unaweza kupimwa na unaweza kushindwa, na umesema wazi ni kitu gani kitaushinda. Nawataka watabiri wote walete wa namna hiyo. Asiye na "kama" yake anyamaze, amwache anayerudi aingie uwanjani kwanza.