Shujaa katika upepeo: tusidharau sanaa ya bei nafuu

Katika mhadhara mmoja juu ya uhusiano wa fasihi na picha, mwanafunzi wangu aliniuliza ni kwa nini tupoteze saa nzima kutazama michoro ya Wajapani iliyopigwa chapa kwa ajili ya pepeo, vitu vya kujipunguzia joto ambavyo hutupwa vikichakaa. Wenzake walicheka. Hata hivyo, swali lake halikuwa la kipuuzi, kwa maana lilibeba dhana ambayo hata sisi walimu tunaishikilia bila kujua: kwamba thamani ya sanaa ni sawa na thamani ya kitu kinachoibeba.

Hebu tuanze na kitu chenyewe. Wajapani huuita uchiwa upepeo usiokunjwa. Mwanzi hupasuliwa ukawa njiti nyembamba, njiti zikatandazwa, kisha karatasi ikagandishwa pande zote mbili. Katika mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo, karatasi hiyo ilikuwa zao la mikono mingi. Mchoraji alitoa mchoro, mchongaji akauchonga katika mbao, mpiga chapa akatumia ubao wake kwa kila rangi, naye mchapishaji akagharimia na kuuza. Picha ilipigwa kwa umbo la upepeo, ikakatwa, ikabandikwa.

Ni nani basi waliochorwa humo? Walikuwamo warembo, waigizaji na mandhari, lakini pia mashujaa wa vita. Utagawa Kuniyoshi, aliyefariki mwaka wa 1861, alijipatia sifa tangu mwishoni mwa miaka ya 1820 kwa kuwachora mashujaa wa Suikoden, hadithi yenye asili ya Kichina juu ya waasi 108 waliopambana na maofisa wafisadi. Huyu pia alichora pepeo.

Miongoni mwa magwiji waliopendwa na wachoraji wa aina hii ni Benkei, mtawa jitu anayesimuliwa kuwa alikwisha kuwapokonya watu panga 999, kisha akashindwa na kijana Yoshitsune katika daraja la Gojo mjini Kyoto. Mwingine ni Nasu no Yoichi. Inasimuliwa kwamba katika vita vya Yashima, mwaka wa 1185, adui walitundika upepeo juu ya mlingoti wa chombo chao kama dhihaka. Yoichi akamwingiza farasi wake majini, akautungua kwa mshale mmoja. Mtu wa kawaida hakuhitaji maktaba ili awajue mashujaa hao. Aliweza kuwashika mkononi.

Atakayesema kwamba huo ulikuwa mchezo tu na aitazame serikali ya Tokugawa. Tangu mwaka wa 1790 picha za kuuzwa zilitakiwa kupata muhuri wa mkaguzi. Mwaka wa 1804 mchoraji Utamaro alifungwa pingu siku 50 kwa kumchora mtawala wa zamani, Toyotomi Hideyoshi. Mwaka wa 1842 picha za waigizaji na makahaba zikapigwa marufuku, na wachapishaji wakazidi kuwategemea mashujaa wa kale. Watawala hawahangaiki na takataka. Walijua kwamba kinachopita mikononi mwa watu wengi huingia pia katika fikira zao.

Kweli, wachapishaji hao walitafuta faida. Sikatai. Lakini tamaa ya faida haikumzuia mchongaji kuchonga unywele mmoja mmoja wa shujaa, wala haikumzuia mnunuzi kuisimulia upya hadithi yake.

Lililonigusa zaidi ni hili. Pepeo hizo zilipotumika zilichanika, na nyingi zimetoweka. Picha nyingi tunazoziona leo katika makumbusho, kama ile ya Victoria and Albert mjini London, ni karatasi ambazo hazikupata kubandikwa kwenye mianzi. Kwa maneno mengine, tulizorithi ni zile ambazo hazikumpepea mtu. Zilizofanya kazi yake zilikwisha kwa kuifanya, na bado mashujaa wake wangali wanajulikana.

Walimu wenzangu, hapo pana funzo kwetu. Tunafundisha fasihi kana kwamba huhifadhika kwa kufungiwa kabatini, kisha tunashangaa wanafunzi wanapoisahau baada ya mtihani. Kitabu kilicholegea jalada kwa kupokezanwa kimefanya kazi kubwa kuliko kile kinachong'aa rafuni.

Mwanafunzi wangu sikumjibu kwa maneno mengi. Nilimwomba amsimulie jirani yake kisa cha Yoichi, bila kutazama daftari. Alikisimulia chote, hata farasi na mawimbi. Saa tuliyodhani imepotea ilikuwa imetosha.