Pokeri ya simuni haina saa ya kufunga

Ilikuwa saa saba usiku, nyumba moja ya Nkuhungu, Dodoma. Mama aliamka kunywa maji akaona mwanga chini ya mlango wa mwanawe, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni. Akafurahi, akijua mitihani imekaribia. Alipofungua mlango alimkuta kijana kakaa kitandani na simu, kwenye kioo kuna meza nne ndogo za kijani, karata zinapita.

"Unabeti?"

"Hapana, Mama. Hii ni pokeri. Inatumia akili, siyo kama mikeka ya mpira."

"Haya, baba. Na bumu liko wapi?"

Hapo kijana akanyamaza.

Kwa sehemu, kijana alisema kweli. Katika pokeri inayochezwa zaidi duniani kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha tano huwekwa wazi mezani, na watu hupandishiana dau wao kwa wao. Anayejua kuhesabu na kusoma wenzake humshinda asiyejua, akipewa muda mrefu. Lakini mwenye meza, awe kasino au kampuni ya mtandaoni, hukata kamisheni yake. Kwa hiyo wachezaji wote wakijumlishwa wanatoka na kidogo kuliko walichoingia nacho, na yule mwenye akili lazima ampate asiyekuwa nayo amlipie. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayecheza usiku wa manane amechoka, mara nyingi ndiye huyo wa kulipia wenzake.

Vijana wana hadithi wanayoipenda. Mwaka 2003 Mmarekani mmoja, Chris Moneymaker (ndilo jina lake halisi), alikuwa mhasibu tu. Aliingia shindano dogo la mtandaoni kwa dola 86, likampa nafasi ya kwenda Las Vegas kwenye mashindano makubwa ya pokeri ya dunia, akatoka na dola milioni 2.5. Washiriki walikuwa 839. Wale 838 waliobaki hakuna anayewasimulia.

Wazazi wengi wa Dodoma wanazijua karata kwa njia mbili: arubastini ya jioni kibarazani, na karata tatu ya stendi, ile iliyowala watu nauli wakarudi nyumbani kwa miguu. Pokeri haifanani na yoyote kati ya hizo, na ndiyo maana mzazi hushindwa kubishana na mtoto wake. Afadhali aanze na hesabu.

Kwenye meza ya kasino mgawaji ni binadamu. Anachanganya, anagawa, anasubiri mtu afikirie, na kwa saa moja hutoka michezo kama 30 hivi. Mtandaoni mashine inagawa kwa sekunde, meza moja hufikisha michezo 60 hadi 80, na mtu anaweza kufungua meza nne pamoja. Tuseme meza ina watu tisa, na kila duru linapokamilika mchezaji amelazimika kuweka dau la shilingi 100 na la shilingi 200, apende asipende. Kasinoni, kwa saa moja, kukaa tu bila kucheza karata hata moja kutamgharimu kama shilingi 1,000. Kwa meza nne za simuni, michezo 70 kila moja, ni zaidi ya 9,000. Na hapo bado hajapoteza kwa uzembe.

Kuna pia safari. Anayetaka kasino Dar es Salaam akitokea Dodoma atapanda basi au treni ya SGR, atavaa vizuri, mlangoni ataulizwa umri. Fedha zikiisha atasimama mbele za watu kwenda kutafuta nyingine. Aibu hiyo ndogo imeokoa nyumba nyingi. Simuni fedha zikiisha ni namba ya siri tu, na simu hiyohiyo inayocheza ndiyo inayokopesha: mikopo kausha damu iko vidole viwili pembeni.

Kasinoni, walau, unaona unacheza na nani. Mtandaoni yule wa pili anaweza kuwa marafiki watatu wanaoambiana karata kwa simu, au programu ya kompyuta. Mwaka 2019 programu iitwayo Pluribus iliwashinda wachezaji wa kulipwa mezani. Na Aprili 2011 serikali ya Marekani ilipozifungia kampuni tatu kubwa za pokeri mtandaoni, wateja wa mojawapo, Full Tilt, waligundua kwamba fedha walizodhani ziko akibani hazikuwepo za kuwatosha.

Tanzania ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka huohuo 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Tovuti isiyo na leseni ya Bodi ikila fedha za mtu, hana pa kwenda kushtaki. Na mzazi aliyesajili laini kwa kitambulisho chake kisha akampa mtoto wa sekondari, ajue kwamba kwenye kumbukumbu anayecheza ni yeye mzazi.

Shirika la Afya Duniani linaitambua kamari iliyomshinda mtu kama ugonjwa. Dodoma ukitaja Mirembe watu wanacheka, lakini ndiko waliko wataalamu wa afya ya akili, na mtu hahitaji kuokota makopo barabarani ndipo aende.

Mama wa Nkuhungu hakupiga kelele. Alivuta stuli, akamwambia mwanawe afungue orodha ya miamala ya simu tangu bumu liingie, na alete daftari na kalamu. Kijana akasoma, yeye akaandika: zilizotoka upande huu, zilizorudi upande ule. Mara mbili kijana alisema, "Mama, hii nilirudisha." Mama akaiandika pia, upande wake. Adhana ya alfajiri ilipolia walikuwa bado hawajamaliza mwezi wa kwanza, na kijana ndiye aliyekuwa ameshika kalamu.