Semina Haizuii Damu

Najua nimewatupa mkono kwa wiki tatu. Sikuwa safarini, wala sikuwa naumwa. Nilikuwa na hasira, na marehemu babu alinifundisha nisishike kalamu nikiwa na hasira. Wiki tatu zimekwisha, hasira bado ipo. Babu anisamehe, naandika hivyo hivyo.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwezi uliopita nilialikwa kwenye warsha ya siku mbili kuhusu uzazi salama. Hoteli nzuri, kiyoyozi kinapuliza, bahari unaiona dirishani. Tukapewa mkoba, kalamu na fulana yenye picha ya mama mjamzito anayetabasamu. Saa nne chai na sambusa, saa saba mlo wa nguvu. Katikati ya mlo na mlo, wataalamu walitumia projekta kutuonesha vishale vinavyotoka kwenye kisanduku kimoja kwenda kingine. Nilisikia "kuwajengea uwezo wadau" mara nyingi mpaka nikaacha kuhesabu. Jioni ya siku ya pili tukasaini karatasi, tukapokea bahasha, tukaagana. Nikarudi chumba cha habari nikaandika: "Wadau wapania kutokomeza vifo vya wajawazito." Mhariri hakubadilisha hata nukta.

Siku nne baadaye, saa tano usiku, simu ikalia. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa amejifungua kwenye kituo cha afya huko nyumbani. Mtoto salama, kondo la nyuma limetoka, lakini damu haikatiki. Kituo hakina damu ya kumwongezea. Gari la wagonjwa lipo, tena nililiona kesho yake kwa macho yangu: jeupe, safi, lina nembo za wafadhili ubavuni. Halina mafuta. Dereva akasema, kwa upole kabisa, kwamba ndugu wachange. Mama mdogo akahesabu noti za elfu mbili mbili kwa mwanga wa simu, huku mwanawe akilowanisha kanga ya tatu.

Wakafika hospitali. Huko nako wakaambiwa akiba ya damu imeisha, tafuteni wachangiaji. Waliojitokeza saa nane usiku ni vijana wawili wa bodaboda kutoka kijiwe cha nje ya geti, ambao hata jina la mgonjwa walikuwa hawalijui. Wakapimwa, wakatoa. Mdogo wangu amepona na ananyonyesha. Nilipokwenda kumtazama, nguo zake nilizibebea kwenye ule mkoba wa warsha.

Nasema amepona kwa bahati. Bahati ni jambo jema, lakini bahati si mpango. Na nchi haiwezi kuendesha huduma ya uzazi kwa kutegemea kwamba kijiwe cha bodaboda kitakuwa na watu saa nane usiku.

Kabla hamjaniambia kwamba nabeza kila kitu, acha nitoe sifa panapostahili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulihesabu vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti kama huo wa 2022 ukahesabu 104. Shirika la Afya Duniani, kwa njia zake za kukokotoa, lilikadiria 238 kwa mwaka 2020. Wabishi wa takwimu wagombane wao kwa wao. Mimi nachukua namba ndogo kuliko zote, ile ya 104. Nchi hii huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Piga hesabu wewe mwenyewe: ni akina mama zaidi ya 2,000 kwa mwaka, watano hadi sita kila siku. Basi dogo likipinduka na kuua watu sita kila siku, mwaka mzima, tungeendelea kufanya warsha?

Sasa sikilizeni utetezi ninaousikia kila nikiuliza. "Tatizo ni wanawake wenyewe, wanachelewa kuja." Mwaka 1994 watafiti wawili, Thaddeus na Maine, waliandika kuhusu ucheleweshaji wa aina tatu unaoua wajawazito. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta huduma. Wa pili ni kuchelewa kufika. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kila mtu kwenye sekta hii anaikariri hadithi hiyo kama sala. Lakini tazameni kilichobadilika. Mwaka 2004/05 waliojifungulia kwenye vituo vya afya walikuwa chini ya nusu ya wajawazito wa Tanzania. Mwaka 2022 walifikia asilimia 81. Maana yake wanawake wametusikia! Tuliwaambia waache kuzalia nyumbani, wakaacha. Wamefika mlangoni. Sasa ucheleweshaji wa tatu ni wa nani? Wa bibi kijijini?

Utetezi wa pili: "Nchi maskini, hakuna fedha." Hapa ndipo napandwa na mori kabisa, kwa sababu jibu liko hapa hapa nyumbani, tena Kigoma, mkoa ambao watu wa Dar wanautania kuwa ni mwisho wa reli. Katikati ya miaka ya 1980, kwenye hospitali ya mkoa wa Kigoma, daktari Mtanzania, Godfrey Mbaruku, alianza kuchunguza kwa nini akina mama wanafia mikononi mwao. Akakuta hata kumbukumbu za vifo hazijaandikwa sawasawa. Kuanzia 1987 wakatekeleza mambo 22. Si mambo ya roketi, jamani. Vikao vya mara kwa mara vya kujadili kila kifo na kosa liko wapi. Ratiba ya kutengeneza vifaa. Mafunzo palepale kazini. Damu ipatikane. Wafanyakazi muhimu wasikae mbali na hospitali. Malalamiko ya wananchi yasikilizwe. Hospitali ijitengenezee maji ya dripu. Mwaka 1995 Mbaruku na mwenzake Staffan Bergström wakachapisha matokeo: kati ya 1984 na 1991 vifo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000 katika hospitali ile. Hiyo ni Tanzania ya miaka ya 1980, ya foleni za sukari na sabuni!

Kigoma ya wakati ule iliwashinda wengi wetu wa leo kwa kitu kimoja: mtu alikubali kuwajibika. Alihesabu waliokufa, akauliza kwa nini, akabadilisha ratiba. Huo ndio usimamizi wa programu. Vishale kwenye projekta ni michoro tu.

Tukiwa bado Kigoma, twende kambini. Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Mwaka 2015 wakamiminika Warundi. Katika msafara wa wakimbizi daima kuna wajawazito, na mimba haisubiri hema lisimame. Wataalamu wa misaada wanalijua hilo. Wana orodha maalumu ya mambo ya lazima ya afya ya uzazi ambayo hutakiwa kuanza mara dharura inapotokea. Inasema wazi: teueni shirika moja la kuratibu, gaweni vifaa vya kujifungulia kwa usafi, hakikisheni mama mwenye matatizo anapelekwa kwenye upasuaji na damu saa 24, siku 7 za wiki. Nilipoisoma mara ya kwanza nilijiuliza: kwa nini tunaiita orodha ya dharura? Mwanamke wa Kasulu mjini hastahili saa 24?

Lakini na huko kwenye misaada nina ugomvi nako. Mimba ni miezi tisa, mfadhili ana mwaka wa fedha. Mkataba ukiisha, mkunga wa mkataba anafungasha, gari linarudishwa, na ripoti ya mwisho inasema mradi "umefanikiwa kwa asilimia kadhaa". Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa saini moja, na Julai mwaka huo huo USAID ikafungwa rasmi. Kuna waliolia, kuna walioshangilia. Mimi nilijiuliza swali moja tu: hivi tulikuwa tumekabidhi usiku wa mwanamke anayejifungua kwa saini ya mtu aliyeko Washington? Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa nao wanazaa.

Na msinielewe vibaya, ubunifu upo. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, unatumia namba ya bure 115 na madereva wa kawaida wa kijamii pale gari la wagonjwa linapokosekana, na dereva analipwa kwa simu. Hilo ni wazo la mtu aliyejiuliza swali la mafuta kabla ya swali la nembo. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa wa E-MOTIVE, uliofanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania. Waliweka mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo chini ya mama ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho, na wakitambua tatizo watoe matibabu yote kwa pamoja. Hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani zilitambua takriban nusu tu ya waliokuwa wakivuja damu kupita kiasi. Zilizotumia mfuko zilitambua zaidi ya asilimia 90. Mfuko wa plastiki, ndugu zanguni! Sasa niambieni mifuko mingapi ingenunuliwa kwa gharama ya zile sambusa zangu.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Programu za uzazi zinasimamiwa mchana, na akina mama wanavuja damu usiku. Tunapima idadi ya waliohudhuria mafunzo, hatupimi kama mwenye funguo za chumba cha upasuaji analala karibu. Tunapima vipeperushi, hatupimi kama oksitosini ilikaa kwenye ubaridi unaotakiwa au ilipikwa na joto kwenye kabati mpaka ikawa maji matupu. Mkunga mmoja yuko peke yake leba na wazazi watano, na siku mmoja akifa tunamtafuta yeye, tunampiga picha, tunamweka ukurasa wa mbele. Sisi waandishi ni hodari sana wa hilo.

Nataka mambo manne tu, na wala si ya gharama kubwa.

1. Fungu la mafuta ya gari la wagonjwa na fungu la damu visiguswe. Fedha zikipungua, ianze kukatwa warsha, ifuate fulana.

2. Kila kifo cha mama kijadiliwe kwa lengo la kurekebisha, bila kumwinda mkunga, na kilichobadilishwa kiandikwe na kubandikwa ukutani ndugu wakisome.

3. Kila mradi, wa serikali, wa shirika au wa kambini, ujibu swali la saa nane usiku: nani yuko zamu, damu iko wapi, na gari lina lita ngapi?

4. Sisi wa kalamu tukialikwa hotelini, tuulize swali hilo la tatu kabla ya chai. Wasipolijibu, hiyo ndiyo habari ya kuandika.

Nimeshaanza na nafsi yangu. Ile bahasha nilikuwa nimeshaitumia, siwezi kudanganya. Lakini Jumatatu nilikwenda kuchangia damu, mara yangu ya kwanza nikiwa na umri huu, nikiwa nimeandika makala sijui ngapi za kuhamasisha wengine. Nesi aliniuliza nani amenileta. Nikamwambia nimeletwa na vijana wawili wa bodaboda.

Wanaofanya kazi wizarani na kwenye mashirika, najua mnapita hapa kimyakimya. Leo msipite. Kama nimekosea, nikosoeni hapo chini kwa hoja. Kama sijakosea, mwambieni bosi wenu kesho asubuhi akaangalie tangi la lile gari.

Naomba kutoa hoja.