Amana Iliyomo Kichupani

Wiki hii twawatazama watu ambao aghalabu hatuwaoni: mafundi wa maabara watengenezao chanjo za mifugo. Kenya ina sifa ya zamani katika kazi hii. Huko Muguga, Walter Plowright na wenzake waliikuza virusi ya sotoka katika seli za figo za ndama mpaka ikapoteza ukali, wakapata chanjo. Na mwaka 2011 ulimwengu ukatangaziwa kwamba sotoka ya ng'ombe imetokomea.

Fundi hukuza virusi, hupima usafi wa kila toleo, hujaza vichupa na kuandika joto la majokofu. Chanjo iliyoharibiwa na joto yaweza kufanana kabisa na iliyo nzima. Akiandika kipimo asichokisoma, siku ile hapana atakayejua. Atakayejua ni mfugaji wa Tana River, miezi baadaye, mbuzi wake wakifa kwa maradhi aliyokwisha kulipia kinga yake.

Basi mzazi mwenye mtoto apendaye bayolojia na kemia asimwonyeshe mlango wa udaktari peke yake. Na huo ukweli wa kuandika alichokiona, aanze kumfunza nyumbani.