Dizeli tunayoisifu si hii inayouzwa leo

NJIA PANDA
Na Devota Bahizi

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alinipigia simu saa tatu usiku na swali alilokuwa amelibeba mwezi mzima. "Shemeji, wewe umekaa na gari la dizeli. Nichukue lipi?" Amepata Prado mbili za umri unaolingana, moja ya dizeli yenye injini ya lita 3.0, nyingine ya petroli ya lita 2.7. Fedha ni mkopo wa mwalimu na akiba ya nesi. Wana watoto watatu. Wanaishi Ngara mjini, na wazazi wake yeye wapo Nyakahura, upande wa Biharamulo. Ukoo umeshakaa na kuamua: dizeli. Baba yake kasema dizeli ndiyo gari, na fundi wa mtaani kwao kasema hivyo hivyo.

Mimi nimesema petroli. Tulibishana hadi salio la simu likaisha, na kwa kuwa najua swali hili limelala kwenye nyumba nyingi kati ya Kabanga na Biharamulo, nalimalizia hapa.

Imani yetu kwa dizeli ina mwanzo wake. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitokea Rwanda ndani ya saa 24, na Benaco ikawa kambi kubwa kuliko mji wowote tuliowahi kuuona. Nyuma yao yakaja mashirika ya misaada, na mashirika yakaja na Land Cruiser nyeupe. Tuliokuwa watoto tulisimama kando ya barabara tukizihesabu. Zilipita kwenye tope ambalo hata ng'ombe walilikwepa. Zilipanda milima ya Ngara zimejaa watu na magunia, asubuhi hadi usiku, na kesho yake zikawaka kwa stata moja. Nyingi zilibeba injini ambayo mafundi wa kwetu hadi leo wanaitaja kwa heshima, 1HZ: lita 4.2, silinda 6, haina tabo, haina kompyuta ya kuiamrisha, pampu yake ni ya vyuma vitupu. Toyota iliianza mwaka 1990. Kijana aliyejifunza ufundi chini ya mwembe aliweza kuifungua na kuifunga ikawaka.

Hiyo ndiyo dizeli tunayoisifu. Sifa zake ni za haki kabisa, ila tumezihamishia kwenye injini nyingine. Tena tumesahau kwamba gari lile halikuishi kwa sifa zake peke yake. Mashirika yalikuwa na matangi yao ya mafuta, gereji zao, mafundi wa mshahara na filta mpya kwenye stoo. Walipofunga virago, hayo yote yaliondoka, tukabaki na kumbukumbu ya gari linalopanda mlima.

Dizeli ya Prado anayoiangalia shemeji ni kiumbe kingine. Mafuta yake hukaa ndani ya bomba moja la chuma, reli ya pamoja, yakisubiri kompyuta iamue sekunde gani yaingie silindani. Tairi la gari lako hujazwa psi 30 au 35. Ndani ya reli ile shinikizo hupita psi 23,000. Mafuta hutoka kwenye nozo kupitia matundu ambayo kila moja ni sehemu ndogo tu ya milimita. Kwa ufundi huo injini imekuwa kimya, ina nguvu na inakula kidogo, na siwezi kuidharau. Lakini tone la maji au vumbi lisiloonekana kwa macho, ambalo pampu ya 1HZ ingelivumilia, huku linafanya kazi ya msasa.

Nayajua haya kwa mfuko wangu. Gari letu lilikuwa la dizeli ya aina hiyo hiyo. Tukitoka Biharamulo jioni moja ya Machi, mvua imenyesha wiki nzima, tulijaza tenki kwenye sheli moja kando ya barabara. Kabla hatujafika mbali taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Mume wangu akasema ni waya. Tukaendelea. Taa ile ilikuwa inatuambia kwamba chini ya filta ya mafuta, mahali pa kutenganisha maji, maji yamejaa. Ilitupasa kusimama, kulegeza kizibo cha chini na kuyamwaga. Kazi ya dakika tano. Hatukujua. Gari lilianza kukohoa, likatoa moshi mweupe, likazima tukiwa porini, nyuma watoto wamelala. Fundi wa kwanza alibadilisha filta, wa pili akasema ni tabo. Mwisho tulilivuta hadi Mwanza kwa mwenye mashine ya kupimia nozo. Nozo 4 na pampu vilitugharimu shilingi milioni 4 na laki 3, mbali na kuvutwa. Sikuandika kwa miezi miwili, mnaonisoma mnakumbuka, niliwaambia ninaumwa. Nilikuwa nadaiwa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatujiulizi. Kwa nini magari mengi ya familia tunayoagiza kutoka Japani, RAV4, X-Trail, Forester, Harrier, ni ya petroli? Jibu lipo Tokyo. Mwaka 1999 gavana wa jiji hilo, Shintaro Ishihara, alianza kampeni ya kuipinga dizeli, akiwatikisia waandishi wa habari chupa iliyojaa masizi. Oktoba 2003 Tokyo na mikoa 3 jirani ikayazuia malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia viwango vya masizi, na sheria ya nchi nzima ikawa imeshayabana hata magari madogo ya dizeli kwenye miji mikubwa. Mwaka 2007 Toyota ikaacha kuwauzia Wajapani Prado ya dizeli. Haikuirudisha sokoni kwao hadi Juni 2015. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha Prado ya dizeli ya mwaka 2010 na kukuapia kwamba ilikuwa ya mzee mmoja kule Japani, muombe karatasi uzisome upya. Inawezekana ni gari la mradi uliofungwa hapa hapa, au limetoka Uingereza, ambako nao huendesha upande wetu.

La Uingereza lina kisa chake. Tangu viwango vya Ulaya vya mwaka 2009 vianze kazi, magari ya dizeli ya huko yana chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hilo hukusanya masizi, kisha huyachoma lenyewe gari likiwa kwenye mwendo mrefu na moshi umepata joto kali, karibu nyuzi 600. Sasa lifikirie gari hilo Ngara mjini. Asubuhi linapeleka watoto shule, linamshusha mama Murgwanza hospitalini, linarudi. Jumapili linakwenda kanisani. Injini haijapata moto sawasawa, imeshazimwa. Chujio linaziba, taa inawaka, na mwisho fundi analikata kwa msumeno na kuanza ugomvi na kompyuta ya gari usiokwisha. Gari si bovu. Lilitengenezwa kwa mtu anayeshinda kwenye barabara kuu.

Shemeji alinijibu kwa hoja ya mafuta, na hoja hiyo ina uzito. Kwa gari la ukubwa ule, kwenye milima yetu, dizeli hunipa kilomita 10 kwa lita. Ya petroli ya kaka yangu hutoa 7. Tuliketi na kalamu. Yeye kwa mwezi hatazidi kilomita 400. Petroli atachoma lita 57, dizeli 40. Tofauti ni lita 17. Hata tukiiweka lita kwa shilingi 3,000, anaokoa shilingi 51,000 kwa mwezi, kama laki 6 kwa mwaka. Hesabu yangu ya Mwanza ingemla akiba ya miaka 7. Na bei ya dizeli haina ahadi ya kubaki chini: kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inatangaza bei kikomo, na ipo miezi, kama Oktoba 2023, ambapo dizeli ilikuwa juu ya petroli. Tena kwetu kila lita imeshasafiri kwa lori zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini kabla haijafika kwenye tenki lako.

Ila sitaki mtu aseme Devota ameitupa dizeli. Mama mmoja ninayemfahamu hununua ndizi na maharage Ngara, kila wiki anakwenda Kahama na kurudi, gari limejaa hadi juu. Huyo nikimwambia anunue petroli nitakuwa nimemkosea. Injini yake inapata mwendo mrefu, inapata joto lake, na tofauti ya mafuta anaiona ndani ya miezi michache. Na mlima ni mlima. Prado ile ya dizeli ina nguvu ya kuvuta ya nyutoni mita 410 kuanzia mizunguko 1,600 tu kwa dakika. Ya petroli haifiki 250, nayo huipata kwenye mizunguko karibu 4,000, injini ikilia. Ongeza mwinuko wa nchi yetu. Ngara mjini ni kama mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyembamba, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kila mita 100 unazopanda. Ndiyo maana gari la petroli lililokuwa jepesi Dar es Salaam, likiacha mto Kagera pale Rusumo na kuanza kupanda likiwa na watu saba, linaomba gia ndogo. Dizeli yenye tabo haisikii sana. Anayebeba mzigo kwenye vilima hivi kila siku anastahili dizeli, mradi awe na fundi wa nozo anayemjua na awe na nidhamu ya filta.

Shemeji habebi mzigo. Anabeba watoto watatu na mkungu wa ndizi wa bibi yao. Gari likimharibikia Rulenge, plagi na koili vinapatikana, na fundi wa kuvifunga hakosi. Petroli hata kijijini ipo, kwa sababu ya bodaboda, ingawa ile ya chupa za kando ya njia nisingeitia kwenye gari langu. Na akichagua petroli nina ombi moja zito kwake: asiweke kidumu ndani ya nyumba. Dizeli huhitaji kupashwa moto ndipo mvuke wake ushike moto. Petroli hutoa mvuke unaowaka hata usiku wa baridi ya Ngara. Tuliona Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori moja la mafuta lililoanguka na kuwaka, na watu zaidi ya 100 waliopoteza maisha. Kidumu kimoja karibu na jiko la mkaa kinatosha kumaliza familia.

Nilimwambia pia kwamba Prado yenyewe si lazima. Gari la petroli la lita 2.0 lenye kuvuta magurudumu manne linafika Nyakahura hata kipindi cha tope kama dereva hana haraka, linakula kidogo, na wakati wa kuliagiza ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 badala ya 10 inayotozwa injini zilizopita cc 2,000. Hapo alinyamaza. Nadhani Prado imeshaingia moyoni, na mtu aliyefundisha miaka kumi na tano akipanda pikipiki kwenye mvua simlaumu kwa hilo.

Lakini kuna mzigo ambao si wa shemeji wala wa fundi. Nchi hii imepigana na uchakachuaji muda mrefu. Mwaka 2010 vikaja vinasaba vya mafuta, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili yasiwe na faida kuyachanganya kwenye dizeli, kwa sababu mafuta ya taa hayalainishi pampu, huikausha ikajisaga. Hatua hizo zilisaidia sana. Vinasaba, hata hivyo, humkamata mtu aliyechanganya. Maji yaliyoingia kwenye tangi la chini ya ardhi kipindi cha masika huhitaji kipimo kingine, tena cha mara kwa mara. Bei imebandikwa kwenye kila sheli, Lusahunga, Nyakanazi, Nyakahura, mpaka mtoto anaisoma. Naomba pembeni yake ibandikwe tarehe ya mara ya mwisho tangi lilipopimwa maji, na jina la aliyepima. Tunaonunua lita 20 kwa mkopo wa mshahara tuna haki ya kuisoma tarehe hiyo kabla bomba halijaingia kwenye tenki.

Shemeji anasafiri Jumatatu kwenda kuziangalia zote mbili. Bado anaipenda ya dizeli, nimeisikia kwenye sauti. Nimemuomba afike saa kumi na mbili asubuhi na amwambie muuzaji asiiwashe kabla yake. Aweke kiganja juu ya boneti. Kama ni ya moto, arudi kesho yake. Kama imepoa, apige stata, asimame nyuma ya bomba la moshi na kuhesabu hadi sitini, na kama akiona weupe au kusikia injini inagonga, anipigie hapo hapo, hata kama muuzaji ameshamtengenezea chai.